Kobe Wako Akifika Limuru

Msambweni,
siku ya kufunga mizigo.

Mwanangu Mwanamisi,

Salamu nyingi. Desturi ya barua ni kumwuliza mwenzio hali, lakini nakusikia hapo uani ukicheka na shangazi yako Riziki, kwa hiyo najua u mzima. Mimi nami ni mzima, ila mgongo, na huo unaujua. Jua bado liko juu ya minazi. Nimejifungia chumba cha mbele, nikamwambia Riziki nina kazi ya kuchagua misumari. Amenitazama tu, akaenda zake.

Barua hii naitia ndani ya mfuko wa nailoni, chini ya makumbi ya nazi, katika sanduku la kobe wako Kokwa, mahali ambapo mumeo Salimu hatatia mkono wake. Utaikuta huko Limuru siku utakapombadilishia Kokwa matandiko yake. Kama umeikuta mapema, ndani ya gari la moshi, basi umeanza kuchokoachokoa kabla ya wakati, kama kawaida yako.

Mambo ya kila siku sitayaandika. Namna ya kukaa na watu, namna ya kuweka nyumba, nini cha kusema na nini cha kumeza, Riziki amekufundisha mpaka umechoka. Chakula cha Kokwa unakijua kuliko mimi. Nataka kukueleza mambo mawili tu ya kobe, unyevu na mwanga, maana unakompeleka ni nchi nyingine kabisa. Lakini nikikueleza hayo bila kukueleza nilivyoyakosea, hutaniamini. Na katika kukosea huko kuna safari moja niliyoifanya ambayo hujawahi kuisikia.

Ulikuja kwangu ukiwa na miaka kama kumi. Mama yako, Mola amrehemu, alifariki Jego wakati mimi niko Mombasa najenga maghala. Habari ilinifikia imechelewa, nikafika watu wamekwisha rudi kutoka makaburini. Wewe ukabaki na bibi yako, nami nikarudi kazini, nikawa naja kila Idi na nguo na sukari kama mgeni. Nilipopata kazi za huku Msambweni nikaja kukuchukua. Bibi yako hakupinga. Alikufungia nguo zako katika kanga ya mama yako, na mkono wa pili ukashika kapu, na ndani ya kapu mlikuwa na kobe mkubwa kama sufuria ya wali.

"Na huyu naye?" nilikuuliza.

"Huyu ni Karani. Naye anakuja."

Njiani nilikuuliza kwa nini Karani. Ulisema kwa sababu ananyosha shingo na kutazama watu kama karani wa chifu anayesoma majina. Hayo yalikuwa maneno mengi kuliko yote uliyoniambia mwezi ule. Asubuhi ulikuwa ukiniamkia, "Shikamoo, baba," kwa adabu kamili, na baada ya hapo hunisemeshi mpaka kesho yake. Karani ulimwambia kila kitu. Siku moja nilikuwa nyuma ya ukuta nachonga jiwe, nikakusikia ukimwambia kwamba maji ya kisima cha huku yana chumvi na kwamba baba ananuka chokaa.

Nilikuwa nikinuka chokaa, kweli.

Mimi ni mwashi. Sikujua kusema na mtoto wa kike wa miaka kumi, lakini kujenga nilijua. Na siku zile Uhuru ulikuwa unanukia. Kila mwenye nyumba ya udongo alikuwa akiota simiti. Nilikuwa nimebakiza simiti ya kazi fulani kwa idhini ya mwenyewe. Nikasema, nitamjengea kobe wa mwanangu nyumba ambayo haijapata kuonekana Msambweni.

Uliiona mwenyewe. Kuta zilifika magotini kwangu. Sakafu niliipitisha mwiko mpaka ikang'aa. Juu niliweka mabati, ubavuni nikaacha mlango mdogo wa kutosha Karani kupita, halafu nikapaka chokaa nje na ndani. Watu walikuja kutazama. Yule jirani yetu aliyekuwa mvuvi wa pweza alizunguka mara mbili, akasema, "Omari, kobe analala kwenye simiti na sisi tunalala kwenye udongo. Dunia imekwisha." Nilicheka nikajiona mtu.

Wewe hukucheka. Ulimweka Karani ndani, ukachungulia mlangoni, ukaniambia, "Baba, humu hamna udongo."

"Udongo una funza na siafu," nilikujibu.

"Na mna giza."

"Kobe anabeba nyumba mgongoni mwake. Giza amelizoea."

Ulichungulia tena mlangoni. Nilidhani nimekushinda.

Kaskazi ilipoingia, mabati yale yakawa chuma cha tanuri. Sakafu ilikauka ukavu wa kigae. Karani akaacha kula. Ngozi ya miguu yake ikawa na nyufa kama kiatu kilichosahauliwa juani, na macho yakavimba yakafumba. Nikasema ana kiu. Nikamwaga ndoo ya maji ndani, na kesho yake tena, na kesho kutwa tena. Lakini simiti niliyoipitisha vizuri hainywi maji. Yalikaa palepale, Karani akalala ndani yake, na jua halikuwa na mahali pa kuingilia liyakaushe. Kusi ilipoanza kuvuma na usiku ukawa baridi, akaanza kutoa povu puani. Alikuwa akipumua kwa mlio wa pampu ya baisikeli iliyotoboka.

Basi makosa yangu yalikuwa mawili na yalipingana. Kwanza nilimkausha, halafu nikamrowesha. Na katika yote mawili nilimnyima jua. Ningekuwa nimekusikiliza siku ile ya kwanza, hata moja lisingetokea. Lakini nilikuwa fundi, na wewe ulikuwa mtoto wa miaka kumi, na nyumba ilikuwa imesifiwa.

Siku uliyoacha hata kuniamkia ndiyo siku niliyofanya safari hiyo. Nilimwambia Riziki nakwenda Ramisi kutafuta chokaa. Sikushuka Ramisi. Nilikwenda mpaka mwisho wa basi, nikatembea mpaka Jego, nikamkuta bibi yako anapaa samaki uani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mtoto ana nini?"

"Mtoto hajambo. Nimekuja kwa habari ya kobe."

Aliweka kisu chini. "Umetoka Msambweni kwa habari ya kobe?"

"Anakufa, mama. Nimemjengea nyumba nzuri, na anakufa ndani yake."

Bibi yako hakuwa mtu wa kumpa mtu mawaidha, ulimjua. Alisema, "Mimi sijui kobe, Omari. Hapa hakuna aliyemfuga. Alikuwa akikaa pale tu." Akaonyesha kwa kidole chenye magamba penye migomba, pale mlipokuwa mkimwaga maji ya kuoshea vyombo.

Nilikwenda nikachutama. Nikatia mkono chini ya majani makavu ya mgomba. Udongo ulikuwa wa baridi kidogo, umeshikana, lakini nilipoukamua haukutoa tone. Hatua chache mbele, kando ya banda la mbuzi, palikuwa na uwanja mkavu ambao jua la asubuhi lilikuwa limeujaza wote. Kati ya migomba na uwanja ule palikuwa na kijia chembamba kilichosuguliwa na tumbo la Karani miaka yote. Alikuwa na njia yake. Akitaka maji alikwenda huku, akitaka jua alikwenda kule, na hakuna mtu aliyemwamulia.

Niliporudi kwa bibi yako alikuwa ameanza samaki mwingine. Hakuninyanyulia uso.

"Umeniuliza kobe alikaaje," alisema. "Mtoto hujaniuliza."

Nikachutama karibu yake, nikamwuliza.

"Analala na taa. Tangu siku ya mama yake. Nilikuwa namwachia koroboi mlangoni, ikizimika tu anaamka. Wewe humzimii?"

"Namzimia, mama. Nyumba ni ya makuti, naogopa moto."

"Basi halali," alisema. "Huyo mtoto halali, Omari. Miezi yote hiyo."

Mwanangu, nilikuwa nikikuona asubuhi umevimba macho, huzungumzi, unajikokota kwenda shule, na nilikuwa nimekwisha amua kwamba una kiburi cha watu wa Jego. Nilimwambia hivyo Riziki. Nilikuwa nalala chumba cha pili, ukuta mmoja katikati, na sikujua.

Nilirudi kesho yake asubuhi. Hii sehemu unaikumbuka, lakini hukumbuki kama mimi. Nilipofika uani nilikukuta umepiga magoti mbele ya nyumba ya Karani, umeshika nyundo yangu ndogo kwa mikono miwili, unapiga pembe ya ukuta. Ulikuwa umebomoa kipande kama biskuti. Vidole vilikuwa vinatoka damu. Karani ulikuwa umemtoa, umemlaza juani juu ya gunia. Uliponiona uliangusha nyundo, ukajikinga uso kwa mkono.

Sikuwahi kukupiga. Hata mara moja. Lakini ulijikinga, na nilielewa kwamba hukuwa na sababu yoyote ya kujua kwamba sitakupiga.

Nilivua shati nikasema, "Nyundo hiyo ndogo. Lete ile kubwa."

Ulisimama ukinitazama.

"Ile ya nyuma ya mlango. Na tindo."

Tukaibomoa. Ilikuwa simiti nzuri, ilitusumbua. Riziki alitoka jikoni akasema tumerukwa na akili, na jirani wa pweza akaja tena kutazama. Ulikuwa ukikusanya vipande na kuvitupa kwenye shimo, na kila ukuta ulipoanguka ulikuwa ukisema "Haya!" kwa sauti ya bibi yako hasa. Jioni yake niliiwasha taa ya chemni, nikaipunguza utambi, nikaitundika kwenye msumari nje ya mlango wako, mbali na makuti. Hukuniuliza kwa nini, nami sikukuambia nilikotoka. Ndiyo kwanza nakuambia leo.

Karani alichukua muda kupona. Tulichimba pale nyumba ilipokuwa, tukajaza udongo wa shambani uliochanganywa na mchanga na vumbi la makumbi. Tulipanda migomba miwili upande wa kisima, na upande wa mashariki tukaacha wazi. Nusu tuliezeka makuti, nusu tukaacha mbingu. Ukuta ukawa wa fito. Povu la puani lilikwisha kwanza, halafu macho yakafumbuka, na siku alipouma jani la mchicha ulikuja mbio mpaka kazini kwangu ukiwa bila viatu kuniambia. Mafundi wenzangu walidhani kuna msiba.

Tangu hapo ulinisemesha. Nilikuwa nikiuliza, nawe ukijibu. Nilikuwa sijui kwamba kazi yenyewe ni hiyo tu.

Mengine ya Karani nayapita, isipokuwa ya mayai. Maana miaka yote tulimwita "yeye bwana," hadi alipochimba shimo pale kati ya makuti na uwanja, akakaa juu yake alasiri nzima, halafu akalifukia kwa miguu ya nyuma kama mwanamke anayeweka matandiko. Ulisema, "Baba, Karani ni mama." Kumbe zile siku alizokuwa akitorokea kwenye mihogo alikuwa na mwenzake.

Tulingoja. Mvua za vuli zilikuja kidogo zikaondoka, kaskazi ikapita, na udongo ule ukawa mgumu kama matofali. Nilikata tamaa kabla yako. Nilitaka kusimamisha hapo nguzo za jiko jipya la Riziki, na fito nilikuwa nimekwisha zileta. Ulisema, "Tungoje masika, baba. Udongo haujalainika." Ulikuwa msichana mkubwa sasa, na ulisema kwa upole, lakini nilisikia nyundo ndogo ndani ya sauti yako. Nikazirudisha fito nyuma ya nyumba. Masika yalipopiga kwa nguvu, asubuhi moja tukakuta tundu dogo ardhini, na ndani yake pua. Walikuwa tayari humo chini, wamekwisha toka mayaini, wanangoja maji yawafungulie mlango. Ningesimamisha nguzo zangu juu yao.

Walitoka wengi, lakini kunguru na nguchiro waliwaona kabla hatujawahesabu. Waliobaki nikawatengenezea sanduku, na hapo nikakosea tena. Nilikuwa nimepewa kioo cha dirisha kilichovunjika pembe. Nikakiweka juu ya sanduku kiwe kifuniko, kunguru asiingie na jua liingie. Nilijisifu. Siku ya pili ya jua kali nilikuta mmoja amekufa kwa joto. Nikakiinua kioo kidogo upande mmoja kupitisha hewa, wakaacha kufa, lakini hawakukua. Magamba yao yalikuwa laini. Ukibonyeza kwa kidole yanaingia kama ganda la yai lililochemshwa. Wewe ndiye uliyeona kwamba yule mdogo kuliko wote, aliyekuwa akipanda juu ya jiwe na kutoa kichwa pale penye upenyo, gamba lake lilikuwa gumu. Huyo ndiye Kokwa. Nikatoa kioo nikaweka wavu wa waya. Wote wakakakamaa.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo Limuru inapoingia. Jua linalopita kwenye kioo lina joto na lina mwangaza, lakini lile linalokaza gamba halipiti. Kwa nini, sijui. Nimeliona tu kwa macho yangu. Nyumba aliyopewa Salimu na kiwanda anachofanyia kazi ina dirisha la kioo. Usimweke Kokwa nyuma ya dirisha ukaridhika. Jua likitoka, hata kidogo, hata kama una wageni, mtoe nje.

Nilimwuliza Salimu habari za jua siku walipokuja wazee wake kukuposa. Unakumbuka Riziki alivyotumwa kwake na swali lako kama nyumba inaruhusu kobe. Salimu alidhani anafanyiwa mzaha. "Kobe?" alisema. Halafu akaona hakuna anayecheka, akauliza, "Anakula sana?" Hapo nikampenda. Angeweza kusema hapana, na wazee wake walikuwa wanangoja aseme hapana. Tulipotoka nje kutawadha nikamwuliza hali ya hewa ya huko, akaniambia, "Baba, kule jua ni kama mgeni wa heshima. Huchelewa kuja, na akija hakai." Alisema miezi ya katikati ya mwaka ukungu hukaa kwenye majani ya chai hadi adhuhuri. Kwa hiyo usiku ule nilianza kufikiri juu ya taa ya umeme.

Sasa nitakuambia kuhusu juma lile ulilodhani Kokwa anapotea kila mchana. Hakupotea. Nilikuwa naye Diani. Pale hotelini tunapojenga kuna injini ya umeme na globu zimening'inizwa kwenye ghala la vifaa. Nilikuwa namtia kwenye kapu la zana kila alfajiri, namweka kwenye sanduku chini ya globu, na jioni namrudisha kwenye mihogo ili umwone. Siku ya kwanza ulimtafuta mpaka ukalia, Riziki akanieleza. Nisamehe. Ningekuambia ungetaka kuja, na pale si mahali pa msichana aliyeposwa. Wenzangu walicheka sana. Walisema Fundi Omari ameajiri kibarua mpya na anamlaza kazini.

Mwanzoni nilishusha globu karibu naye, kwa huruma. Kabla ya alasiri makumbi yalikuwa vumbi tupu na Kokwa amejikunyata pembeni na ukoko machoni. Nikakumbuka mabati yangu. Nikaiinua mpaka ikawa urefu wa mkono wangu, kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole. Nikaiweka upande mmoja wa sanduku tu, ili upande wa pili ubaki na ubaridi wake. Upande huo wa pili nikarowesha makumbi. Nikangoja. Akaja chini ya taa, akaota moto, akarudi kwenye makumbi akajifukia, baadaye akatoka tena. Alikuwa akienda na kurudi kama Karani kule Jego. Nilikaa kwenye mfuko wa simiti nikimtazama mpaka msimamizi akaja kuniuliza kama nalipwa kutazama kobe.

Sanduku unalokwenda nalo nimelitengeneza kwa kipimo hicho. Globu itaning'inia kwenye ule upande wenye ndoano. Taa itampa joto, jua haitampa. Usiku izime. Najua nasema hivyo mimi niliyekutundikia taa ulale, lakini kobe si wewe, yeye anahitaji giza lake apumzike. Makumbi nimekujazia gunia zima, maana huko hakuna minazi. Kila asubuhi yashike kwa ngumi: yashikane, yasitoe maji. Yakimwagika kama mchanga, ongeza maji kidogo upande wa ubaridi. Yakidondosha, yatoe nje yapate upepo. Huko ukungu mwingi, nadhani utakuwa unakausha zaidi ya kurowesha, kinyume cha huku. Lakini sijafika Limuru, na safari hii siwezi kujifanya fundi. Utaangalia mwenyewe. Mkono wako utajua kabla ya barua yangu.

Na mumeo nimemwona mara chache, siwezi kukuambia mengi. Ninachoweza kusema ni kwamba miezi ile ya kwanza tulikuwa tukiishi nyumba moja, nami nafanya kazi kwa bidii kwa ajili yako, na kila nilichokifanya kilikuwa kibaya, kwa sababu nilikwenda Jego kuuliza baada ya kujenga. Salimu anaonekana mtu wa bidii. Huenda naye akakujengea kitu. Kama hakina udongo, mwambie. Mwambie tena kesho yake. Usinyamaze kama ulivyoninyamazia mimi, maana yeye hana mkwe wa Jego wa kumfungua macho. Bibi yako amekwisha tangulia mbele ya haki. Na Salimu akikuambia kwamba wewe ndiye uliyejenga vibaya, maana na hilo litatokea, mwache amalize kusema.

Nimekusikia sasa hivi unaniita. Riziki amekujibu, "Mwache, anachagua misumari," na mmecheka wote. Nitamaliza.

Kesho nitakuvusha feri na kukufikisha stesheni. Wanawake watalia, mimi nitashughulika na sanduku, nitamwambia mtu wa mizigo asilipindue, asiliweke kwenye upepo wa mlango. Nikionekana nimeshughulika na kobe kuliko wewe, ndivyo nilivyo, na hilo nadhani sitalitengeneza tena.

Kokwa anaweza asiishi huko. Nakuambia mapema usije ukajilaumu. Amezaliwa kwenye joto na chumvi, na hata mtu mwenye mkono mzuri kuliko wako anaweza kushindwa. Ukiona macho yamefumba kwa siku nyingi, au pua inatoa povu, au amekaa pembeni haendi huku wala kule, usingoje kwa kuona aibu, wala usiniandikie kwamba hajambo. Mfungie kwenye kapu, utafute mtu anayeshuka pwani, umpe amlete.

Na wewe, mwanangu, huna haja ya kungoja mtu anayeshuka.

Ni mimi baba yako,
Omari.